Marathoni mbili ndani ya wiki nne: inafaa?

Mkimbiaji wa Nyegezi: Ndugu zangu, nimejiandikisha kukimbia kilomita 42 za Kilimanjaro Marathon kule Moshi, na rafiki yangu ananishawishi tukimbie nyingine wiki nne baadaye. Je, nikubali?

Dada wa Kirumba: Kaka, usiamue leo. Mteremko mrefu wa njia ya mbio kutoka Mweka, kule juu ya Moshi, ndio unaoumiza mapaja, na ingawa maumivu huisha baada ya siku chache, misuli iliyochanika kwa ndani huchelewa kupona, ndiyo maana wengi hujidanganya kwamba wako tayari. Ukirudi Mwanza, pumzika wiki nzima, kisha shuka kilima cha Bugando taratibu. Goti likilalamika, jibu umelipata.

Mzee wa Igoma: Ukikubali, mbio ya pili uikimbie bila kutazama saa. Katikati ya mbio hizo mbili usifanye mazoezi marefu, maana kilomita 42 zenyewe ni zoezi tosha. Kula ugali na sato, ulale. (Ada mara nyingi hairudishwi, basi usiilipe mapema.)

Mkimbiaji wa Nyegezi: Shikamoo mzee, nashukuru. Nitamwomba rafiki yangu asubiri hadi nishuke Bugando.