Mjadala: mtoto aulizwe kuhusu malezi yake au wakubwa waamue tu?

Mleta mada:
Wadau naleta hii manake kila ikiguswa watu wanarushiana maneno tu. Mtoto anaumwa, au wazazi wake wameachana, au analelewa na ndugu au kwenye kituo, sasa wakubwa wakikaa kupanga mambo yake, naye awe na kauli au akacheze nje asubiri kuitwa?

Msimamo wangu: aulizwe, tena kabla hamjaamua. Sijasema aamue yeye, na hapa ndo wengi wanachanganya, wanadhani ukimuuliza tu umeshamkabidhi usukani. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa 1989, kifungu cha 12, unasema maoni yake yapewe uzito kulingana na umri na upevu wake, haujasema neno lake ndo la mwisho. Na haujaweka umri wa kuanzia, kwa hiyo ile ya "huyu bado mdogo" haina pa kushika. Wa miaka 3 hawezi kuchagua dawa sawa, ila anaweza kusema achomwe sindano mkono upi na apakatwe na nani, na kwake hilo sio dogo hata kidogo. Hivi mnamnyima kauli miaka 17 halafu akitimiza 18 mnataka ajue kuamua, hiyo akili ataitoa wapi?

Kinachoniudhi zaidi ni maigizo. Kikao kimeshaisha, begi limeshafungwa, ndo mtoto anaitwa "unaonaje ukienda kukaa kwa shangazi?" Sasa hapo umemuuliza nini? Mtafiti wa mambo ya watoto, Roger Hart, kwenye andiko lake la UNICEF la 1992 alichora ngazi ya vidato 8 ya ushiriki wa watoto, vitatu vya chini mtoto anatumiwa, au anawekwa kama pambo, au anashirikishwa kwa jina tu, na akasema hivyo sio ushiriki. Mi naona familia nyingi tumekaa humo humo chini na tunajiona wasikivu.

Halafu kuna lile swali la "unampenda nani zaidi, baba au mama", hilo jamani lisiulizwe kabisa, ni kumtwika mtoto ugomvi wa watu wazima. Muulize siku zake zinaendaje, nani anamsaidia kazi za shule, nani au nini kinamtisha, majibu utayapata humo humo. Na akinyamaza aachwe, kusema ni haki yake sio wajibu.

Mchangiaji:
Mkuu hayo ya wazungu hayo. Mtoto kwanza adabu. Akikataa operesheni utamwambia sawa mwanangu turudi nyumbani?

Mleta mada:
Ya wazungu tena? Kuna Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990, kifungu cha 4 kinataka mtoto anayeweza kujieleza asikilizwe kwenye mashauri yanayomhusu, na kifungu cha 31 kinamtaka aheshimu wazazi na wakubwa. Vyote viwili vimo humo humo wala havigombani.

La operesheni ndo gumu, hapo umenibana kidogo. Uingereza kwenye kesi ya Gillick, 1985, majaji wa juu kabisa walisema aliye chini ya miaka 16 anaweza kuridhia matibabu mwenyewe kama anayaelewa vya kutosha, ila kesi za baadaye zikaonyesha kwamba akikataa matibabu ya kuokoa maisha, mahakama inaweza kuamuru atibiwe tu. Hapo niko nao, uhai kwanza. Lakini hata kama mnampinga, mwambieni kinachoenda kufanyika na kwa nini hamkufuata alichosema, manake mtoto akiona anaongea na hajibiwi, kesho haongei tena, hata siku ana maumivu mapya au kuna mtu anamfanyia ubaya.

Na wewe nikuulize mkuu, akisema hataki operesheni, umeshawahi kumwacha amalize kusema anaogopa nini? Unaweza kukuta operesheni yenyewe wala haimsumbui, anachoogopa ni kuachwa peke yake usiku wodini, na hilo mnaweza kulimaliza bila kuahirisha chochote.