Naomba ushauri: diwani anataka "akumbukwe" ndipo kikundi kipate mkopo. Nimlalamikie wapi?

Mpole wa Mtaa (mleta uzi)
Habari za jioni wakuu. Nipo njiapanda, naomba msinitukane.

Kuna kikundi cha akina mama mtaani kwetu, wanashona sare za shule na mashuka. Wameomba mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10. Kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata hawakupata shida. Sasa diwani kamwambia mwenyekiti wao kwamba fomu hazisogei mpaka "akumbukwe". Katamka laki tano. Kasema pale nje ya ofisi ya kata, mchana kweupe, anamenya chungwa, wala hakushusha sauti.

Barua ya malalamiko nimeshaandika. Nauliza tu: niipeleke kwa mkurugenzi, kwa mkuu wa wilaya au TAKUKURU? Na barua isiyo na jina inapokelewa? Nawasilisha.

Kobe wa Kata
Nimewahi siti ya mbele. Ngoja waje wajuzi.

Mama Vitenge
Pole. Ila mikopo hii tusiwasingizie madiwani peke yao. Sisi tulipata mwaka 2019 na hakuna aliyetudai hata mia. Aliyetumaliza ni mwenyekiti wetu mwenyewe. Kampa mwanawe hela akanunua bodaboda, marejesho yakatuangukia tuliobaki. Mpaka leo tukikutana msibani anajifanya anaongea na simu.

Mzee Kibatari
Ninyi ndio mliompigia kura kwa kanga na kofia. Mlipokuwa mnacheza ngoma kwenye kampeni hamkumwona? Vumilieni mpaka 2030.

Karani Mstaafu
Mleta uzi, nimefanya kazi halmashauri, nikujibu ulichouliza.

Kwanza, mkopo ule si wa diwani. Ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, na hauna riba. Diwani ni mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, kwa hiyo ana sauti, lakini pesa inaidhinishwa halmashauri.

Pili, mkurugenzi ni katibu wa baraza la madiwani, si bosi wao. Ukimpelekea barua ataipokea, na suala la mwenendo litaishia kujadiliwa na madiwani wenzake. Nimekaa kwenye vikao vile, najua wanavyotazamana.

Tatu, kuomba pesa ili utoe huduma ni rushwa, na mlango wake ni TAKUKURU. Piga 113, ni bure, na jina si lazima utaje. Upo pia mlango wa Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma. Diwani ni kiongozi wa umma kwa sheria ya mwaka 1995, anajaza tamko la mali kama wabunge. Mkuu wa wilaya mwache, atakurudisha kwa mkurugenzi.

Sina Haraka
Karani kamaliza. Ila mimi nina swali dogo. Wewe ni mwanamume, kikundi ni cha akina mama. Chungwa ulilionaje? Na kiasi umekijuaje? Funguka, kuna kitu umekikalia.

Mpole wa Mtaa
Sijakalia kitu. Mke wangu ni mweka hazina wa kikundi, alikuwepo. Sikuona umuhimu wa kulisema.

Sina Haraka
Mweka hazina! Haya. Hajatoa kitu?

Mpole wa Mtaa
Naona hilo si swali nililoleta hapa.

Sina Haraka
Basi katoa.

Mpole wa Mtaa
Katoa nusu. Laki mbili na nusu, kwa simu, kwenye namba iliyosajiliwa kwa jina la mdogo wake diwani. Naomba muelewe, haikuwa rushwa, ilikuwa ya kumtuliza ili fomu zisipotee. Kila mtu angefanya hivyo. Ndiyo maana nataka barua isiyo na jina lake. Nimeandika "sisi wanakikundi", nikaambatanisha karatasi ya mahudhurio ya kikao kilichopita, ina sahihi za wote. Inatosha kabisa.

Kobe wa Kata
Picha ndio linaanza 😂

Karani Mstaafu
Ungeanza na hilo. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kinamgusa anayepokea na anayetoa. Kumtuliza hakumo kwenye kifungu. Na hiyo karatasi itoe leo hii. Wale mama walisaini kwamba walihudhuria kikao, hawakusaini kumlalamikia mtu. Mmoja akiitwa akasema hajui lolote, barua nzima imekufa, na diwani ataitembeza kata nzima kama ushahidi kwamba anapakaziwa.

Mpole wa Mtaa
Lakini walikuwa wanalalamika kikao kizima! Ni kama wamesaini tu.

Mama Vitenge
Kulalamika mbona ndiyo kazi ya vikao. Sisi tulilalamikia bodaboda mwaka mzima, siku ya kuandika majina nikabaki mimi na mlinzi.

Bwana Ushahidi
Samahani, hii ni chai. Barua haina jina ila ina sahihi za wanachama wote, wapi na wapi? Mikopo ilisimamishwa Aprili 2023, wao waliomba lini? Na kubwa zaidi: bwana huyu juzijuzi alileta uzi hapahapa anatafuta mchumba "mcha Mungu, asiwe mrefu sana". Leo ana mke, tena mweka hazina. Wakuu, tunapikiwa.

Kobe wa Kata
😂😂😂 Asiwe mrefu sana!

Mzee Kibatari
Nilijua. Huyu anautaka udiwani, anajaribu sumu mapema.

Mpole wa Mtaa
Ule uzi ni wa mdogo wangu, alitumia akaunti yangu. Na mikopo imerudi tangu mwaka wa fedha 2024/25, ulizeni kokote. Walioomba zamani waliambiwa waanze upya. Sijaja kuchekwa. Diwani karudi kwenye kiti uchaguzi wa 2025, tutakaa naye miaka, na mke wangu hapati usingizi.

Kobe wa Kata
Mdogo wako alipata mchumba lakini?

Sina Haraka
Wacheni kwanza. Chai au si chai, wapo wengi wanaosoma hapa yamewakuta. Mkuu, nusu iliyobaki anaidai lini?

Mpole wa Mtaa
Kasema kabla ya kikao kijacho cha kata. Ujumbe kautuma mwenyewe kwa simu yake, mke wangu anao.

Karani Mstaafu
Usiufute! Na nusu iliyobaki msitume. Mkeo na mwenyekiti waende wenyewe TAKUKURU wilayani kabla ya siku hiyo, na simu mkononi, waseme yote pamoja na walichotoa. Kuna sheria ya kulinda watoa taarifa na mashahidi ya mwaka 2015, waiulizie palepale. Wakipata mwanasheria wa msaada wa kisheria wa kwenda nao, bora zaidi. Anayejipeleka na aliyefuatwa nyumbani hawatazamwi kwa jicho moja.

Mpole wa Mtaa
Karatasi ya mahudhurio nimeichomoa. Ila jina la mke wangu sitalitaja popote. Nitaandika tu "mwanakikundi mmoja alituma pesa", na tarehe. Wakitaka zaidi watafute wenyewe.

Bwana Ushahidi
Tarehe ipo, kiasi kipo, namba iliyopokea ipo. Sasa hapo umemficha nani? Na yeye mwenyewe umemuuliza anataka nini?

Mpole wa Mtaa
Hajui kama nimeandika barua.

Mama Vitenge
Haya, toka mtandaoni ukaongee na mkeo.