Mjadala: Chuo chenye jina, au chuo chenye pesa?

Mama Mkubwa, Columbus, Ohio

Wazazi wenzangu, hodi. Zimebaki siku tisa kufika Mei 1, siku ambayo binti yetu anatakiwa awe ameshajibu anakwenda chuo gani, na humu ndani hatusemezani vizuri.

Amepokelewa vyuo viwili. Vyote ni vile vidogo vya shahada ya kwanza, wanafunzi elfu mbili hivi, darasa la watu kumi na tano, mwalimu anamjua kila mtoto kwa jina. Wenyewe wanaviita vya sanaa huria, yaani liberal arts, mtoto anagusa masomo mengi kabla ya kubobea (msichanganye na Chuo Kikuu Huria cha pale Kinondoni). Kimoja kiko New England, kule kaskazini mashariki ya Marekani, kina jina kubwa, orodha yoyote ukifungua kipo juu. Cha pili kiko hapa hapa Ohio, saa moja na nusu kwa gari. Ni kizuri, lakini nilipomtajia bosi wangu, Mmarekani kabisa, aliniuliza kiko wapi.

Sasa hesabu. Cha New England kinatoza dola 91,000 kwa mwaka, ada, bweni na chakula vikiwa humo. Hakitoi senti kwa ajili ya alama, kinaangalia uwezo wa mzazi peke yake. Kimetupangia ruzuku ya 52,000, zinabaki 39,000. Cha Ohio ni 78,000. Kimempa 40,000 kwa ufaulu wake na 20,000 nyingine kwa kuangalia kipato chetu, zinabaki 18,000. Tofauti ni 21,000 kwa mwaka, 84,000 mpaka amalize. Mimi ni nesi wa zamu za usiku, mume wangu anaendesha lori, na nyuma ya huyu binti kuna wadogo zake wawili.

Mume wangu anasema hatukuvuka bahari ili mtoto aende chuo kisichojulikana. Siku tulipokwenda kukitembelea kile cha New England alinunua kofia yenye nembo yao, dola 34, kabla hata barua ya kupokelewa haijaja. Mimi 84,000 naiona kama nyumba Kibaha, na ada ya mdogo wake. Niambieni nani kati yetu kapotea.

Dereva wa I-70

Shemeji (nakuita hivyo maana mumeo ni dereva mwenzangu), chukua pesa. Hilo jina mnamnunulia nani? Harvard hata bibi yangu kule Mwanza anaijua. Lakini hivi vyuo vidogo, hata kiwe cha kwanza Marekani nzima, nyumbani hakuna anayekijua. Williams ni cha juu kabisa katika hivyo, lakini mtajie shangazi, atadhani ni jina la mchumba. Mwambie mtoto yuko Kenyon, ambacho ni chuo cha heshima huko huko Ohio kwenu, atauliza mbona mmemrudisha Kenya.

Halafu hiyo 84,000 inatoka wapi? Mkopo wa serikali kwa jina la mtoto una kikomo: 5,500 mwaka wa kwanza, 6,500 wa pili, kisha 7,500 na 7,500. Jumla 27,000. Kinachozidi hapo ni chako wewe mzazi. Na huo mkopo wa mzazi, ule wa PLUS, sheria ya 2025 imeuwekea kikomo kuanzia Julai 2026: 20,000 kwa mwaka, 65,000 kwa mtoto mmoja. Nina mwenzangu ana miaka 58, mgongo umekwisha, bado anakesha barabarani kulipia shahada ya kijana ambaye leo anauza simu dukani.

Binti wa Mwalimu, Boston

Kaka Dereva, umenichekesha, ila mwajiri hayuko Mwanza na shangazi hasomi wasifu wa mtu kabla ya kumwita kwenye usaili.

Kuna jambo linawapoteza wazazi wengi. Vile vya juu kabisa katika kundi hili, Amherst, Williams, Swarthmore, Bowdoin, Pomona, havina udhamini wa alama. Wala si ubahili. Kila anayeingia pale ana alama hizo hizo, kwa hiyo pesa wanampa asiye nacho. Williams tangu 2022 imeondoa hata mkopo kwenye msaada wake, ni ruzuku tupu. Maana yake, kwa familia ya kipato cha 50,000, chuo chenye jina mara nyingi kinatoka rahisi kuliko chuo kikuu cha jimbo. Tajiri naye hakosi usingizi kwa ajili ya ada. Wanaoumia ni watu wa katikati, kama Mama Mkubwa, ambao kwenye makaratasi wana uwezo na mfukoni hawana.

Na hiyo 40,000 ya alama msiione kama medali. Ni punguzo la bei. Vyuo binafsi vya hapa, kwa wastani, vinasamehe zaidi ya nusu ya ada kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Ni Kariakoo tu: bei ya kwanza ni ya kumpima mgeni.

Sasa hilo jina. Wachumi Stacy Dale na Alan Krueger walifuatilia watu waliokuwa na sifa za kuingia vyuo vigumu, wengine wakaenda, wengine wakachagua vya chini yake. Baada ya miaka mingi mishahara yao ilikuwa karibu sawa. Najua Dereva ameshaanza kushangilia, lakini asubiri. Waliofaidika kweli na chuo kigumu walikuwa wanafunzi weusi, wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na wale ambao wazazi wao hawakusoma sana. Ndio hao watoto wetu. Mtoto wa wakili akimaliza chuo atapigiwa simu na rafiki wa baba yake. Wa kwetu je, rafiki wa baba yake ni nani? Ni Dereva.

Dereva wa I-70

😂 Imeniingia. Lakini bado chukua pesa.

Mzee wa Kansas

Nimewasoma nikicheka. Wanangu, Wangari Maathai alikuja 1960 na ule mpango wa Tom Mboya wa kuleta vijana Marekani kwa ndege. Akapelekwa Atchison, huku huku Kansas, chuo kidogo cha watawa wa Kibenedikti kikiitwa Mount St. Scholastica. Akasoma biolojia, akamaliza 1964. Nani pale Nyeri alikuwa amekisikia? Kutoka hapo akaenda Pittsburgh kwa shahada ya pili, shahada ya udaktari wa falsafa (PhD) akaichukua Nairobi 1971, na Nobel mnaijua. Kofi Annan naye alimaliza Macalester, Minnesota, 1961. Leo Macalester inajivunia jina lake, si yeye aliyebebwa na jina la Macalester.

Binti wa Mwalimu, Boston

Shikamoo Mzee. Lakini Wangari hakupewa barua mbili achague. Na enzi hizo Mkenya mwenye shahada ya Marekani akirudi nyumbani alikuta nchi inamsubiri. Binti wa Mama Mkubwa anatafuta kazi Ohio, na waombaji wenzake wote wana shahada.

Mzee wa Kansas

Marahaba. Hilo nakupa.

Baba Mapacha, Minneapolis

Mimi nilichukua pesa, kwa hiyo niulizeni mimi. Sijutii, ila barua ya udhamini isomeni mpaka mstari wa mwisho. Kijana wangu alipewa 24,000 kwa mwaka kwa sharti GPA, yaani wastani wa alama ambao juu kabisa ni 4.0, isishuke chini ya 3.0. Mwaka wa kwanza kemia ikamkalia vibaya, akapata 2.8. Juni tukaletewa barua ya aya mbili, udhamini umekwisha. Chuo sikitaji. Tulihangaika kiangazi kizima, na mwaka wa pili alisoma huku akifanya kazi ghalani usiku, jambo ambalo halikumsaidia hiyo GPA hata kidogo. Kitu kingine: udhamini ulibaki 24,000 ileile na ada ikapanda kila mwaka. Kwa hiyo ile 18,000 ya Mama Mkubwa ni ya mwaka wa kwanza, asiizidishe kwa nne akalala.

Na uliza kama chuo chenyewe kitakuwepo. Birmingham-Southern ya Alabama, ya tangu 1856, ilifunga milango Mei 2024. Wells ya New York, ya tangu 1868, ilitangaza mwishoni mwa Aprili mwaka huo huo kwamba muhula ukiisha na chuo kimekwisha. Chuo kinachogawa punguzo kubwa mno huenda kinatafuta wanafunzi kwa shida. Angalia kina akiba kiasi gani na kama idadi ya wanafunzi inapungua.

Mama Mkubwa, Columbus, Ohio

Asanteni. Siku nne zimepita, nimefanya kazi mliyonituma.

Baba Mapacha, Mungu akubariki. Nilipiga simu Ohio nikiwa kwenye gari kabla ya zamu. Sharti lao ni 3.0, lakini mtoto akishuka anapewa mwaka mzima wa kujirekebisha. Nikaomba waniandikie kwa barua pepe, wakaandika. Ada wamekuwa wakiipandisha kama asilimia 4 kila mwaka, hivyo tofauti itapungua ila haitaisha. Akiba wanayo, wanafunzi hawapungui.

Kumbe na New England wanasikia. Mume wangu aliwaandikia kwamba fomu zao hazina mahali pa kujaza pesa tunazotuma Morogoro kila mwezi kwa dawa na usafishaji wa figo wa mama yake. Akaambatanisha risiti za hospitali na za kutuma pesa, za miezi kumi na miwili. Wakaongeza 6,000. Sasa tofauti ni 15,000 kwa mwaka, 60,000 kwa yote. Badala ya kupumua, nikachanganyikiwa zaidi.

Binti wa Mwalimu, lile la rafiki wa baba lilininyima usingizi, sikufichi. Nikawaomba Ohio wanieleze waliosoma biolojia miaka mitatu iliyopita wako wapi sasa. Jioni ile ile mwalimu mwenyewe, si karani, akanitumia orodha isiyo na majina: kumi na mmoja, kati yao wanne wako shule za udaktari wa binadamu, mmoja ni msaidizi wa utafiti Cleveland, na wawili akaandika wazi kwamba bado wanatafuta. Hao wawili ndio walionifanya nimwamini. New England walinijibu kwa kunitumia kijitabu chenye picha.

Binti mwenyewe hajasema mengi. Jana aliniuliza kama chuo cha Ohio kiko karibu kiasi cha kurudi Jumapili kula wali na mchuzi wa nazi. Nikamwambia saa moja na nusu. Akasema sawa.

Alhamisi tunalipa amana ya kushika nafasi Ohio. Baba yake amekubali, ila amekubali kama mtu anayekubali kung'olewa jino. Kofia iko juu ya friji, lebo bado haijakatwa.