Naombeni ushauri, somo la Garibaldi nilianzie wapi?
Wakuu habari zenu, naandaa somo la Garibaldi, yule mpiganaji wa kuiunganisha Italia, kwa vijana wangu wa kidato cha sita nimekwama. 1860 jamaa anatoka Quarto, karibu na Genoa, na watu kama 1,000 hivi, mashati mekundu, wanashuka Marsala, wanaichukua Sicily mpaka Naples, halafu Oktoba pale Teano anamwachia Victor Emmanuel II, mfalme wa Sardinia, kila kitu anarudi zake kisiwani Caprera na gunia la mbegu, na mji wa Nice alikozaliwa ulishapewa Ufaransa mwaka huohuo, inaniuma kweli maana alikuwa mtu wa jamhuri kabisa! Sasa nianzie hapo Teano, au 1849 mkewe Anita anamfia mjamzito wakiwakimbia Waaustria? Mliowahi kufundisha hii, vijana wanaelewa wapi zaidi?