Tupeane uzoefu: mitandao ilipominywa, ulijuaje kwamba si simu yako?

Ndugu zangu wa Kigoma, naomba tusimuliane jambo moja tu: serikali, yetu au ya jirani, ilipominya mitandao ya kijamii, ulitambuaje? Naanza mwenyewe. Oktoba 2020, siku moja kabla ya kupiga kura, nilikuwa mwaloni Kibirizi nikiwapiga picha dagaa wangu, ili mteja wa Dodoma auone ukavu wao kabla hajalipa. Picha ikazunguka bila kwenda. Nikazima simu, nikawasha, nikanunua bando jingine, hatimaye nikamgombeza mtoto kwamba amechezea mipangilio. Jioni fundi simu ndiye aliyenieleza kwamba WhatsApp na Twitter hazifunguki bila VPN, ile programu ya kupitisha mtandao njia ya pembeni. Aliponiwekea, mteja alikuwa ameshachukua mzigo wa Mwanza.

Mzee wa Kagunga: Pole sana, mwanangu, ila sisi wa mpakani tulitangulia kuyaonja. Mwishoni mwa Aprili 2015, maandamano ya kupinga muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza yalipoanza Bujumbura, serikali ya Burundi ilifunga Facebook, WhatsApp na Twitter kwenye simu za mkononi. Shemeji yangu wa Rumonge, aliyezoea kututumia salamu za sauti kila asubuhi, akanyamaza. Habari tukawa tunazipokea ufukweni kwa waliokimbia, na kila mtumbwi ulishusha idadi yake ya waliouawa. Wa asubuhi ulisema hivi, wa jioni vile, nasi hatukuwa na wa kumuuliza.

Muuza vitenge, Ujiji: Kwangu ni Kongo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 30, 2018, intaneti ilizimwa takriban siku 20. Mteja wangu wa Kalemie, mwenye deni langu, aliibuka Januari ikielekea ukingoni. (Deni alilipa, Mungu ambariki.)

Mwalimu, Kasulu: Mimi sijafungiwa, nimejifunga mwenyewe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilivyopitishwa mwaka 2015, kifungu cha 16, iliweka faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili, kwa anayechapisha habari za uongo. Nami nasimamia kundi la wazazi, watu wanaosambaza kila kinachowafikia. Masika moja mzazi aliweka video yenye kelele na watu wakikimbia. Niliifuta kabla sijaitazama hadi mwisho, nikaandika "tujadili masomo tu". Kumbe lilikuwa daraja lililosombwa na maji njia ya Kibondo. Wazazi wawili waliondoka alfajiri, wakalala njiani na watoto.