Mjadala: Diski ya kompyuta kuukuu ihamie katika mpya, au ipumzishwe?

Karani wa Chang'ombe
Waungwana, nimelazimika kununua kompyuta mpya ya mezani, kwa kuwa ile ya mwaka 2012 haina TPM 2.0, yaani chipu ya usalama inayodaiwa na Windows 11, na Microsoft ilikwisha kusitisha huduma kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Hii mpya ina SSD, hifadhi isiyo na sahani zinazozunguka, ya GB 256 tu. Ndani ya ile ya zamani mna diski ya SATA (aina ya kiunganishi) ya TB 1, yenye picha za harusi yangu na hesabu zote za kikoba chetu, na haijapata kunisumbua hata siku moja. Je, niifunge ndani ya mpya iwe hifadhi ya pili, au nitakuwa ninajitafutia balaa?

Mwalimu Mstaafu, Tanga
Usiifunge. Diski hiyo ni chombo kinachozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, huku vichwa vyake vikielea nanomita chache juu ya sahani, na kutokusumbua kwake hadi leo si ushahidi wa uzima. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichunguza diski zao wenyewe, wakakuta kwamba zaidi ya nusu ya zilizokufa hazikuwa zimetoa dalili yoyote katika vipimo vikuu vya SMART, mfumo ambao diski hujipima afya yenyewe. Isitoshe, ukimpa fundi akuhamishie, hesabu kwamba nakala ya harusi yako imebaki dukani kwake. Mafundi wetu tunawajua.

Fundi wa Luthuli
Mwalimu, shikamoo. Umeandika maneno mazuri kuhusu diski, kisha ukayatia mchanga kwa sentensi mbili za mwisho. Nimekaa kwenye benchi langu hapa Nairobi miaka 14, na kazi yangu kubwa haijawa kuiba picha za watu bali kuwaokoa na uzembe wao wenyewe. Mwezi uliopita mteja aliniuzia kompyuta mpakato ikiwa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wake, mkataba wa shamba, na faili lililoitwa «nywila zangu zote». Nilipompigia simu kumuuliza kama alikuwa na nakala, alinijibu kwamba alikwisha kufuta kila kitu, kumbe alikuwa amefuta njia za mkato zilizokuwa kwenye uso wa skrini. Huyo ndiye wa kuhubiriwa.

Bi Mkaguzi
Ninamuunga mkono fundi, ingawa sijapenda alivyofungua faili hilo hata akajua lilikuwa na nini. Mnamo 2003 wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, walichapisha matokeo ya kununua diski 158 zilizotumika. Kati ya 129 zilizofanya kazi, 12 tu ndizo zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo. Mwaka 2022 benki ya Morgan Stanley ilikubali kulipa dola milioni 35 nchini Marekani kwa sababu ya vifaa vilivyouzwa vikiwa na taarifa za wateja ndani yake. Na hapa kwetu, Karani, hesabu za kikoba ni majina na fedha za watu wengine: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na Kenya ina yake tangu 2019.

Fundi wa Luthuli
Bi Mkaguzi, sikulifungua. Jina lake lilijitangaza lenyewe.

Mwalimu Mstaafu, Tanga
Sikumtaja mtu, na aliyeguswa amejigusa mwenyewe. Hata hivyo, kama mnataka kuzungumzia kufuta, basi tufute kweli: diski huandikwa upya mara 35, la sivyo maabara zitasoma yaliyokuwamo.

Fundi wa Luthuli
Hizo 35 ni za makala ya mtaalamu wa kompyuta Peter Gutmann ya mwaka 1996, na zilikusudiwa kugusa aina nyingi za diski za enzi hizo kwa pamoja. Hakuna diski moja iliyozihitaji zote. Kwa diski ya sumaku ya leo, kuandika juu ya sehemu yote mara moja kunatosha, na hata NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, imekubali hivyo. Kufomati kwa haraka ndiko kusikofuta kitu, maana kunaondoa fahirisi tu na kuacha kitabu kizima. SSD ina mambo yake, kwa sababu hutawanya maandishi yenyewe ndani kwa ndani, hivyo hutumiwa amri yake maalumu ya kujifuta.

Mjukuu wa Mkunazini
Shikamooni nyote. Mjomba wangu hutoboa diski kwa keekee, kisha hutoa zile sumaku mbili kali zilizomo na kubania kalenda kwenye mlango wa friji. Hajawahi kulalamikiwa na sheria yoyote.

Karani wa Chang'ombe
Ninawashukuru, lakini sijasema popote kwamba ninataka kuifuta.

Fundi wa Luthuli
Kweli, ndugu yangu, utuwie radhi. Ukiifunga, weka SSD iwe ya kwanza katika mpangilio wa kuwaka, kwa sababu diski ya zamani bado ina Windows yake na mashine inaweza kuanzia huko. Mafolda yako ya zamani huenda yakakukatalia kuingia; utajitwalia umiliki kwa akaunti ya msimamizi. Kabla ya yote, isome kwa CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, uangalie sekta (vipande vidogo vya diski) zilizohamishwa kwa kuharibika na zinazosubiri kwa kutosomeka.

Karani wa Chang'ombe
Nimeisoma. Saa 19,000 za kuwaka, zilizohamishwa sifuri, zinazosubiri 8.

Mwalimu Mstaafu, Tanga
Nane!

Fundi wa Luthuli
Hapo niko na mwalimu. Sekta nane zimegoma kusomeka. Usiifanye hifadhi: iunganishe mara moja tu, unakili leo usiku, na usianze kwa kuikagua sana, maana kila saa ya kuichosha inahesabika. Anza na usichoweza kukipata kwingine.

Karani wa Chang'ombe
Nimeanza na hesabu za kikoba. Picha za harusi zitafuata, na ninaomba mke wangu asiuone mpangilio huu.