Hiace ya kulala, safari ya kwanza ndefu Dar–Mbeya: nianze na nini?

MamaWawili_Tegeta

Habari za jioni wakuu.

Tumetoa bandarini Hiace ya kulala kutoka Japani: bodi ndefu, paa la juu, injini ya petroli 2TR, otomatiki. Ndani kuna kitanda cha watu wawili, kingine cha juu cha watoto, friji ya volti 12, sinki lenye madumu mawili ya lita 20 (la maji safi na la maji machafu), betri ya pili ya AGM (iliyofungwa, isiyoongezwa maji) ya Ah 100 (ampea-saa), sola ya wati 200 juu ya paa, maikrowevu, na soketi ya nje ya kuchomekea umeme. Usajili umekamilika. Bima kubwa ipo, na wamejulishwa kwamba gari lina vitanda na jiko la gesi.

Mwezi wa sita tunataka kwenda nayo Mbeya, watu wanne, siku kumi. Bado hatujalala ndani yake hata usiku mmoja. Je, umeme utatosha? Niende kwa siku moja au nigawe? Na ni kitu gani hasa huwaangusha watu kwenye safari ya kwanza, nikishughulikie sasa wakati bado nina wiki tano?

FundiSola_Mwenge

Dada, kabla ya yote: usichomeke hiyo soketi ya nje kwenye umeme wa TANESCO mpaka ujue nyuma yake kuna nini. Magari ya kulala ya Japani yamefungwa kwa umeme wa volti 100, wetu ni 230. Plagi utabadilisha dukani kwa pesa ndogo na itaingia vizuri tu, na hapo ndipo chaja, maikrowevu na kila kilicho kwenye laini hiyo huungua kwa mara moja.

Tafuta chaja yenyewe, mara nyingi iko chini ya kitanda au nyuma ya kabati karibu na betri ya pili. Soma kibandiko chake upande wa umeme unaoingia. Kikisema AC 100V peke yake, haifai kwetu. Kikisema AC 100–240V, inapokea umeme wetu, lakini maikrowevu bado haipokei.

Wengine hununua transfoma ya kushusha umeme. Kwa chaja peke yake transfoma ya wati 500 inatosha. Maikrowevu inavuta zaidi ya wati 1,000, kwa hiyo itataka transfoma kubwa na nzito ya kubeba safari nzima. Tena Japani ya mashariki inatumia hezi 50 na ya magharibi hezi 60, na zipo maikrowevu zinazokubali moja tu, wakati wetu ni hezi 50 na transfoma haibadilishi hezi. Ushauri wangu: toa maikrowevu, pafanye shelfu. Badilisha chaja uweke ya volti 230, ampea 20, yenye mpangilio wa AGM, na mbele yake fundi afunge breka inayokata umeme ukivuja. Bodi ya gari ni bati na watoto watalishika wakiwa peku kwenye nyasi zenye umande.

Sasa hesabu. AGM ya Ah 100 ina kama Wh 1,200 (wati-saa, yaani volti 12 × Ah 100), ila ukitaka idumu tumia nusu tu, yaani 600. Friji ya wati 45 kwa joto la pwani hufanya kazi karibu nusu ya muda: 45 × 12 = Wh 540 kwa siku. Feni ya wati 20 kwa saa nane ni 160. Taa na simu weka 80. Jumla 780. Usiku mmoja utapita salama, wa pili bila kuchaji friji itajizima alfajiri. Sola ya wati 200 iliyolala bapa juu ya paa itakupa kama Wh 700 siku ya jua kali, lakini ukiegesha chini ya mwembe ni karibu na bure. Kwa hiyo chagua mapema kila kituo: kivuli cha watu au jua la sola. Habari njema ni kwamba Iringa na Mbeya mwezi wa sita ni baridi, friji itapumzika na feni hutaiwasha.

Kuna kipimo kimoja cha dakika tano. Chukua mita, washa injini, zima sola, pima kwenye nguzo za betri ya pili yenyewe. Ukiona 14.0 hadi 14.4, oltaneta (jenereta ya injini) inaichaji vizuri. Ukiona 13.2 huku betri ya mbele, ile ya kuwashia injini, ikisoma 14.2, volti moja nzima imepotea njiani. Mara nyingi ni waya mwembamba: waya wa mm² 6 wenye mita 5 kwenda na 5 kurudi, ukipitisha ampea 35, unapoteza karibu volti moja. Wa mm² 16 unapoteza chini ya 0.4. Fyuzi ziwe mbili, moja karibu na kila betri, kwa sababu waya huo unapata umeme wa betri pande zote mbili.

MzeeWaTANZAM

Mwanangu, hongera kwa gari. Mimi nitasema ya barabara na uzito, maana umeme umeshaelezwa na mwenye ujuzi wake.

Siku moja hapana. Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na gari hilo halitembei kama Hiace ya abiria. Gawa hivi: siku ya kwanza Dar hadi mji wa Mikumi, kama km 300. Ya pili hadi Iringa, au uongeze kama km 50 ulale Kisolanza, ambako kambi ipo na imezoea magari ya kulala. Ya tatu Mafinga, Makambako, Mbeya. Kila siku uwe umeegesha kabla ya saa 10 jioni, kwa sababu kusawazisha gari, kufunga neti na kupika gizani kwa mara ya kwanza ni mateso, na hapo ndipo vitu huvunjika.

Ondoka saa 11 alfajiri ili Kibaha uipite kabla msongamano haujakaa sawa. Kwenye makazi mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na kibao cha kuanza huwa mbali kuliko unavyodhani, kwa hiyo punguza ukikiona, usisubiri nyumba. Faini ni shilingi 30,000 kwa kosa. Baada ya Doma unaingia hifadhi ya Mikumi, barabara inakata ndani kama km 50. Kupita tu hulipi kiingilio, ila fuata mwendo wa vibao na usisimame kupika. Ukigonga mnyama kuna tozo, na gari lenye vitanda nyuma halisimami wala kukwepa ghafla kama gari dogo.

Mlima Kitonga, kabla ya Iringa. Kwenda unapanda, kurudi unashuka, na ya kurudi ndiyo mbaya. Kupanda: zima O/D (gia ya juu ya mwendo kasi), shuka gia mapema kabla injini haijaanza kuhema, tulia nyuma ya malori, usilipite lori kwenye kona hata kama dereva wake anakupa indiketa. Sindano ya joto ikianza kupanda, zima AC, washa hita ya ndani hadi mwisho, tafuta sehemu pana usimame, injini ikiendelea kuunguruma polepole. Usifungue mfuniko wa rejeta. Kushuka: weka gia ya 2 kileleni, kabla ya mteremko, si katikati yake. Kanyaga breki kwa nguvu kisha achia, usiibembeleze muda wote. Ukisikia harufu ya kuungua au pedali inalainika, breki zimeshachemka. Mafuta ya breki yanavuta unyevu kila mwaka, na gari lililosimama yadi huna hakika yalibadilishwa lini. Badilisha yote kabla hujaondoka. Rejeta nayo isiwe na maji ya bomba, weka kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini.

Matairi. Inama usome ubavuni. Saizi ya Hiace hiyo kwa kawaida ni 195/80R15, na pembeni yake lazima uone 107/105, hiyo ndiyo namba ya kubeba mzigo. Tairi la saizi hiyo hiyo lenye namba ndogo litapasuka huku Chalinze bado hujaiona vizuri. Kisha tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya DOT: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Yakizidi miaka sita, badilisha hata kama meno yapo. Na magari mengi ya Japani huja na matairi ya theluji, utayajua kwa mikato midogo midogo kama ya wembe kwenye kila jino. Mpira wake ni laini mno kwa lami yetu ya moto. Upepo upimwe asubuhi tairi likiwa baridi, kwa namba ya kibandiko cha mlango, na usiutoe mchana kwa sababu tu umepanda.

Kibao_Kimara

Niongezee hapo kwa Mzee. Kuna watu watamwambia lazima aingie kila mizani. Sheria ya uzito ya Afrika Mashariki inahusu magari ya kuanzia kilo 3,500, Hiace hii iko chini. Lakini hiyo haina maana asipime. Apite kwenye mizani binafsi ya malori ya kokoto au vyuma chakavu, gari likiwa na KILA KITU na watu wote ndani. Apime zima, kisha apandishe magurudumu ya nyuma peke yake. Alinganishe na uzito wa juu ulio kwenye karatasi za gari. Magari haya huzidi nyuma: betri ya AGM karibu kilo 30, maji safi lita 20 kilo 20, mtungi wa gesi wa kilo 6 ukiwa umejaa ni zaidi ya 12, mchele, maboksi, baiskeli ya mtoto. Nyuma ikizidiwa mbele inainuka, taa zinaangaza mitini na usukani unakuwa mwepesi. Vizito viwe chini na karibu na katikati, juu ya paa mablanketi tu.

MamaWawili_Tegeta

Asanteni sana, shikamoo Mzee. Nimesoma kibandiko cha chaja: AC 100V peke yake. Namshukuru Mungu hatukuchomeka. Matairi yanasoma 4417, yatabadilishwa.

Swali la nyongeza kuhusu gesi na baridi. Jiko liko ndani, mtungi umewekwa kwenye kabati chini ya sinki. Na Mbeya usiku nimeambiwa tubebe jiko la mkaa la kupasha joto watoto walale. Ni sawa?

DadaJikoni_Bagamoyo

Mdogo wangu, jiko la mkaa lisiingie ndani ya hilo gari hata kwa dakika tano, hata dirisha likiwa wazi, hata makaa yakiwa mekundu bila moshi. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu wala rangi, na aliyelala hashtuki. Watoto wapashwe joto kwa mablanketi mawili, soksi, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitaulo, na mkeka au godoro jembamba juu ya ubao wa kitanda, maana baridi nyingi inapanda kutoka chini. Madirisha yazibe kwa yale maturubai ya rangi ya fedha ya kuzuia jua, ila acha tundu la paa wazi kidogo. Watu wanne wakipumua usiku kucha kwenye bati, asubuhi maji yanatiririka kutani na godoro linalowa.

Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatulia sakafuni kama maji. Kabati la mtungi litobolewe sakafu hadi nje, tundu lisizibwe na zulia, na mlango wa kabati uzibe vizuri upande wa chumbani. King'ora cha gesi kiwekwe chini, sentimita 15 hadi 30 kutoka sakafuni. Cha hewa ya sumu ya mkaa kiwe usawa wa mto wa kulalia. Kila unapounganisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye regyuleta na ncha zote mbili za mpira. Povu likitulia, sawa. Ukiona hata kitone kimoja kinavimba polepole, funga, kaza, paka tena. Mpira ukipinda ukaonyesha nyufa ndogo, nunua mwingine siku hiyo hiyo. Mtungi ufungwe kabisa gari likitembea, na ukazwe kwa mkanda ukiwa wima.

Dumu la maji safi: hilo lilikaa kavu melini na yadi. Lijaze, weka mililita 20 za dawa ya klorini isiyo na manukato kwa lita 20, washa pampu mpaka harufu itoke bombani, acha usiku mzima, kisha suuza mara mbili. Ya kunywa beba pembeni.

Na hayo yote usiyajaribie Mbeya. Wiki mbili kabla, njooni Bagamoyo au nendeni Kigamboni mlale siku mbili, mzigo kamili, bila kuchomeka umeme popote. Andika volti za betri saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, kabla jua halijagusa sola. Ikiwa asubuhi inasoma chini ya 12.2, rudi kwa fundi.

FundiSola_Mwenge

Hilo la kuandika volti ni muhimu, ila zima friji nusu saa kabla ya kusoma, la sivyo mita itakudanganya.

MzeeWaTANZAM

Marahaba mwanangu. Yamebaki mawili. Ukishafunga matairi mapya, kaza nati tena baada ya km 50 hadi 100, usisubiri Morogoro. Halafu pima urefu wa gari kutoka chini hadi juu ya feni ya paa, kwa futi kamba, ongeza sentimita 10, uandike kwa kalamu nene kwenye kipande cha plasta mbele ya usukani. Mageti ya gesti na matawi ya miembe hayana vibao.